Sauti Iliyomrudisha Kipara

Kila siku kengele ya mwisho ikilia, Chiriku hakuelekea nyumbani kama wenzake. Alipita nyuma ya maghala ya bandari, akakata kichochoro cha makanika, akatokea kwenye geti la kijani la kituo cha kuokoa wanyama, mahali alipofanya kazi mama yake. Huko alivua sare, akavaa fulana kuukuu na mabuti ya mpira yaliyomzidi mguu, kisha akaanza: kuosha ndoo, kukata ngisi wa kasa, kusugua vyombo vya ndege mpaka ving'ae. Hakuna aliyemtuma. Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili na televisheni iliyoonyesha chenga tupu, naye alikuwa mtoto wa pekee. Na ukuta, hata uusemeshe vipi, haujibu.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa jingine, lakini hata walimu walishalisahau. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Akiamka anasema, akila anasema, akipiga mswaki anasema na povu mdomoni. Mrefu, msichana aliyekaa naye dawati moja, aliwahi kumwomba mwalimu amhamishe, si kwa ugomvi, bali apumzishe sikio la kushoto. Darasa lilicheka, na Chiriku alicheka pia, ingawa hakufurahi. Baba yake alikuwa amehamia mji mwingine, na alipopiga simu alikuwa na haraka. Mama alirudi jioni amechoka, akajitupa kitini, na Chiriku akifungua mdomo tu, mama hufumba macho. "Nyamaza kidogo, mwanangu, kichwa kinaniuma." Kikawa ndicho kibwagizo cha nyumba ile.

Mama Chiriku, kama alivyoitwa na kila mtu kituoni, alikuwa mhudumu wa kasa. Kasa walioletwa pale walikuwa wamekatwa na nyavu, wamegongwa na boti, au wamemeza mifuko ya plastiki wakidhani ni chakula. Aliyemeza plastiki tumbo hujaa gesi akaelea tu juu ya maji, asiweze kupiga mbizi, na kasa asiyepiga mbizi ni wa kufa njaa. Mama aliwasugua magamba kwa brashi laini, akawapa dawa, akawalisha kwa fimbo ndefu yenye kibanio huku amejificha nyuma ya ubao. Kasa aliona chakula kinatokea majini, mtu hakumwona. Chiriku alipouliza mara ya kwanza kwa nini wasimpe kwa mkono, maskini ya Mungu, mama alimjibu bila kugeuka.

"Kasa akijua kwamba mtu ana chakula, siku akirudi baharini atafuata boti. Na chini ya boti kuna panga linalozunguka."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kituo kizima: mpende mnyama, lakini asikujue. Kuisema ni rahisi. Kuishika ni kazi, hasa kwa mtoto mwenye mdomo kama cherehani.

Mwanzoni mwa mwaka ule maofisa wa forodha walikagua meli moja bandarini wakakuta makasha yaliyoandikwa kwamba yana sabuni. Sabuni gani hiyo inayokwaruza mbao? Walipoyafungua waliwakuta kasuku wa kijivu wenye mikia myekundu, wamepangwa kama magunzi ya mahindi, na wengi walikuwa wameshakufa. Wazima waliletwa kituoni. Manyoya ya mabawa yao yalikuwa yamekatwa kwa mkasi, na mengine yamegandana kwa ulimbo, ile gundi ambayo wategaji hupaka kwenye matawi ili ndege akitua asiondoke. Daktari wa wanyama, mama mmoja mwembamba ambaye hakupandisha sauti hata siku moja, aliwakagua mmoja mmoja. Kisha akasema watakaa mpaka manyoya mapya yaote, halafu watarudi msituni wakiwa kundi, kwa sababu kasuku wa peke yake porini hana maisha.

Sheria za banda la kasuku zilikuwa kali kuliko hata za kasa. Mhudumu aliingia amevaa joho pana la kijani na kitambaa cha kufunika uso wote, macho yakichungulia kwenye wavu mwembamba. Chakula kilisukumwa ndani kwa droo. Ukitaka kukohoa, toka nje. Simu, iache ofisini. Hata kumpa ndege jina ilikuwa marufuku. Kasuku, alieleza Daktari, ana akili kama ya mtoto mdogo. Akishazoea sauti ya mtu ataifuata popote, na wenzake nao humfuata aliye jasiri kati yao. Chiriku aliruhusiwa kufika kwenye chumba cha kuoshea vyombo tu, kilichopakana na banda, na hata hapo ni kwa sababu mama yake alimdhamini mbele ya wafanyakazi wote.

Balaa lilianzia kwenye dirisha. Ukutani mwa chumba kile kulikuwa na dirisha dogo la wavu, na upande wa pili wa wavu Daktari alikuwa amemtenga kasuku mmoja aliyepigwa na wenzake. Huzuni ilikuwa imemfanya ajinyonyoe mwenyewe, kifua chote kikabaki ngozi tupu. Chiriku akamwita Kipara. Mwanzoni alimwita kimoyomoyo, baadaye kwa kunong'ona. Na ukishamwita mtu jina, utaachaje kumuuliza ameshindaje?

Basi akawa anamsimulia. Alifungua bomba kwa nguvu ili maji yafunike sauti, vyombo mikononi, akamweleza jinsi mwalimu alivyoteleza mbele ya ubao akajidai anachuchumaa kufunga kamba za viatu, jinsi Mrefu alivyomnunia, jinsi baba alivyosema atapiga simu Jumapili na Jumapili ikapita. Kipara alisogea karibu na wavu. Aliinamisha kichwa upande, akamtazama kwa jicho lake la njano, na hakuna siku aliyomwambia anyamaze. Mtoto huyu alikuwa hajasikilizwa hivyo tangu azaliwe. Usimcheke. Huenda na wewe ungefanya vilevile.

Kutoka kwenye maneno akaingia kwenye papai. Akampitishia vipande kwenye wavu kwa vidole, leo papai, kesho karanga. Halafu akamfundisha neno. Hakumfundisha salamu wala jina lake. Alimfundisha neno ambalo yeye mwenyewe alitamani kuambiwa kila anapoingia mlangoni. Alilirudia kila jioni kwa uvumilivu ambao mwalimu wake wa hesabu hakuwahi kuuona, mpaka siku moja Kipara akalitamka kwa sauti ndogo iliyofanana na ya Chiriku mwenyewe.

"Niambie."

Msichana akalia, machozi yakachanganyika na povu la sabuni.

Lakini mbele ya watu wa majoho Kipara hakutamka kitu. Wakiingia tu, alirukia kona ya mbali na kupiga kelele za woga kama wenzake, kwa sababu wale hawakuwa na uso wa kuzoeleka. Miezi ikapita. Manyoya yakaota mabawani, yakaota hata kifuani, ila jina likabaki. Kizuizi cha kona yake kiliondolewa akarudi kwenye kundi, na safari hii hakuna aliyethubutu kumpiga; alikuwa amenenepa kwa papai la magendo, mkakamavu, wa kwanza kwenye chakula, na wengine wakimfuata kila aendako. Hata hivyo, bomba likifunguliwa tu, alikuja dirishani.

Hatimaye Daktari aliwakusanya watu wote kwenye varanda ya ofisi. Ndege walikuwa wamefaulu majaribio yote: wanaruka vizuri, wanavunja mbegu ngumu, wanamkimbia mtu. Kesho yake wangepelekwa kwenye msitu wa hifadhi ulioko nyuma ya vilima. Kabla ya hapo, alisema, alikuwa na swali moja.

"Kuna yeyote aliyewahi kumsemesha mmoja wa ndege hawa, au kumlisha kwa mkono?" aliuliza. "Simfukuzi mtu kazi wala simgombezi. Nataka tu kujua ni ndege yupi. Huyo tutambakiza miezi michache mpaka asahau, kisha atawafuata wenzake. Tukimpeleka hivyo alivyo, tunampeleka kufa."

Watu wakatazamana. Chiriku alikuwa ameshavuta pumzi ya kusema. Hapo ndipo mkono wa mama ulipotua begani pake, na mama akacheka kwa fahari.

"Na msimtazame Chiriku wangu. Huko nje hafungi mdomo, lakini karibu na banda lile hata kupumua hapumui."

Wafanyakazi wakacheka nao. Daktari hakucheka. Alimgeukia msichana akamuuliza, kwa upole tu, kama ndivyo.

"Ndivyo," alisema Chiriku.

Mtoto mwenye maneno elfu alitumia moja tu, nalo likawa la uwongo. Alijipa sababu nzuri, kwani nani hana sababu nzuri? Kipara akifika msituni atasahau. Miezi mingine ya kufungiwa ni mingi, maskini, wenzake wakiwa huru. Lakini sababu yenyewe hasa ilikuwa ule mkono wa mama begani, wenye joto na fahari, ambao hakutaka uondoke.

Asubuhi yake walimpa nafasi ndani ya lori. Walipofika ukingoni mwa msitu, milango ya vizimba ikafunguliwa kwa kamba kutoka mbali. Kipara alitoka wa kwanza. Alipaa, akazunguka juu ya lori, na kundi zima likamfuata kwa kelele mpaka likamezwa na miti. Mhudumu mmoja alijifuta macho. Mama alimkumbatia Chiriku akamwambia kwamba na yeye ana sehemu yake katika siku ile. Chiriku akajiambia kwamba yamekwisha.

Hayakwisha. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa na urefu wa majuma machache.

Babu yake Mrefu alikuwa na shamba lililopakana na msitu ule. Jumatatu moja Mrefu alifika darasani akitokea huko na kisa kilichowavunja wenzake mbavu. Kasuku alikuwa ametua kwenye dirisha la babu asubuhi moja, akamtazama, akamwambia "Niambie". Babu, ambaye anaishi peke yake tangu bibi afariki, hakushangaa sana. Alianza na habari za mgongo wake, akaenda kwenye za magoti, chai ikapoa. Wanafunzi waligongagonga madawati kwa kicheko. Chiriku peke yake ndiye hakucheka, na Mrefu, ambaye hakuwa amewahi kuona hilo, akapunguza sauti akamaliza habari yenyewe.

Si majirani wote walikuwa kama babu, alisema. Yule msemaji hakuja peke yake. Alikuja na kundi, na kundi lilishamaliza mahindi ya watu. Watoto wakatoa manati. Kasuku mmoja alikutwa amekufa karibu na kisima. Mwingine alinaswa na mtu aliyepaka ulimbo kwenye nguzo, akapelekwa mjini kuuzwa.

"Na huyo anayesema jana alipigwa jiwe la jicho," Mrefu alimalizia. "Lakini hakomi, bwana. Leo asubuhi karudi tena dirishani."

Chiriku aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Alinawa uso, akarudi kukaa. Mwalimu alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana.

Alipofika kituoni jioni ile, habari ya mahindi ilikuwa imetangulia, ila habari ya ndege anayesema hakuna aliyeileta, maana nani angeamini? Daktari alikuwa kwenye simu akimlaumu mlinzi wa msitu. Ndege walioshiba hawatoki msituni kwenda kwa watu, alisema. Kwa hiyo mlinzi ndiye aliyemdanganya kwamba msitu una matunda ya kutosha. Mlinzi aliapa kwa kila alichoweza kuapia. Hakusadikiwa. Iliamuliwa kwamba meza za chakula zijengwe ndani kabisa ya msitu, na mama Chiriku akawa miongoni mwa waliobeba magunia ya karanga mgongoni mpaka huko. Chiriku alijua kwamba meza zile ni kazi bure. Alimwona mama akirudi amepinda kiuno, na bado hakusema. Kila alipotaka kusema aliuona uso wa mama siku ile ya varanda, akarudi kwenye ndoo zake.

Ndege hawakuzigusa meza. Ikaja simu kwamba kasuku mwingine ameuawa shambani, amechanwa na mbwa baada ya kuangushwa kwa jiwe. Huyu alikuwa mzima siku Mrefu aliposimulia. Chiriku alilihesabu jambo hilo mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, na hapo ndipo alipovunjika.

Mama alikuwa amesimama ndani ya bwawa, maji kiunoni, akimsugua kasa aliyekatwa na nyavu. Chiriku alisimama ukingoni.

"Mama, ni Kipara," alisema.

Mama akamuuliza Kipara ni nani. Basi Chiriku akaeleza yote: dirisha, bomba, papai, neno, uwongo wa varandani. Alieleza vibaya, mwisho mbele na mwanzo nyuma, huku akilia. Mama hakumkatiza. Brashi ilisimama juu ya gamba la kasa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mama alimsikiliza binti yake mpaka neno la mwisho. Lo, bei gani hiyo ya kununulia sikio la mzazi.

"Siku ile nilikushika bega," mama alisema mwishowe. "Ulikuwa unatetemeka. Nikadhani ni furaha."

Alitoka majini, akajifuta mikono, akamwambia wanakwenda kwa Daktari na kwamba hatamsemea tena. Chiriku alisimama kwenye varanda ileile, mbele ya watu walewale, akasema kwa kinywa chake. Wengine waliinama. Mmoja alitukana chini kwa chini, kwa sababu naye alibeba magunia. Mama alisimama kando, uso umemshuka, akitazama miguu yake yenye maji, na kwa Chiriku hilo lilikuwa baya kuliko tusi.

Daktari hakupandisha sauti hata siku hiyo. Kwanza alimpigia simu mlinzi wa msitu akamwomba radhi. Kisha akaeleza la kufanya. Kundi linamfuata Kipara. Kipara akiondolewa, wengine watarudi kwenye miti, kwa sababu wao bado wanawaogopa watu. Mitego haitafaa. Wavu anaujua na watu wa majoho anawakimbia.

"Anamwamini mtu mmoja tu," alisema. "Utamwita wewe."

Chiriku aliomba itafutwe njia nyingine. Alisema yuko tayari kuadhibiwa, kufukuzwa asikanyage tena kituoni, chochote, ila si hilo.

"Nikimwita atadhani nimekuja kumwona," alisema.

"Ndiyo," alijibu Daktari. "Atadhani hivyo."

Walikwenda nyumbani kwa babu yake Mrefu. Kizimba kiliwekwa kwenye benchi chini ya dirisha, mlango wazi, papai ndani. Daktari na mama walijificha nyuma ya ghala la mahindi. Babu aliambiwa akae ndani, na alikaa, lakini alinung'unika kwamba wanamnyang'anya mgeni wake. Chiriku akabaki uani peke yake. Yeye, wa kunyamazishwa na dunia nzima, alifungua mdomo na sauti haikutoka.

Ilibidi aanze na jambo dogo. Akasimulia habari ya mabuti yake, kwamba yametoboka na yanaingiza maji. Akasimulia mtihani. Mara kukawa na kishindo cha mabawa kwenye paa la bati. Kipara alishuka kwa mruko wa kupepesuka, akakosa benchi, akaangukia chini, akapanda tena. Jicho la kulia lilikuwa limefumba kabisa, limevimba, lina usaha. Ilimlazimu kugeuza kichwa chote ili amwone kwa lile zima. Na alipomwona, alitembea moja kwa moja mpaka kwenye mkono wake akaupanda. Kule kituoni wavu ulikuwa katikati yao siku zote. Hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumgusa. Alikuwa mwepesi, mwepesi mno.

"Niambie," alisema Kipara.

"Nimekuja kukukamata," Chiriku alimwambia. "Nisamehe. Nimekuja kukukamata."

Ndege hakuelewa. Alichoelewa ni sauti tu. Chiriku aliuingiza mkono kizimbani taratibu, Kipara akiwa juu yake, akauchomoa, akafunga mlango. Alikuwa amejitayarisha kwa kelele na mabawa ya kupiga vyuma. Havikuwepo. Kipara alikishika kipande cha papai kwa mguu, akaanza kula, ametulia, kama aliyefika kwao. Kwenye miti nyuma ya shamba kundi lilipiga kelele za kumwita kwa muda mrefu. Alinyanyua kichwa mara moja akasikiliza, kisha akarudia papai lake. Chiriku alikaa chini kwenye vumbi akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mlinzi wa msitu alileta habari kabla ya juma kwisha. Kasuku waliobaki walikuwa wamerudi ndani, juu kabisa kwenye miti mirefu, na walipomwona tu waliruka na kutokomea. Mahindi yalipona. Watoto wakaweka manati chini wakarudi kwenye mpira. Kituoni watu walipeana mikono, na kwa hesabu za Daktari kazi ilikuwa imefanikiwa.

Jicho la Kipara halikufanikiwa. Daktari alilisafisha, akalitia dawa, mwisho akalitoa. Ndege mwenye jicho moja hapimi tawi vizuri na hamwoni mwewe anayetoka upande wa giza, alieleza. Tena huyu ameshazoea kwenda kwa watu, hatasahau tena. Kipara atakaa kizimbani maisha yake yote. Wakamwekea kizimba kikubwa karibu na mabwawa, chenye kivuli na matawi. Kilikuwa kizuri kadiri kizimba kinavyoweza kuwa kizuri.

Hakuna aliyemwadhibu Chiriku. Alingoja adhabu siku nyingi, akaikosa, na jioni moja akamfuata mama kwenye ukingo wa bwawa la kasa akakaa pembeni yake. Alikuwa amepunguza maneno siku hizo, hata Mrefu alikuwa amelalamika kwamba darasa limepooza. Alimuuliza mama kama kusema ukweli kwake hakukusaidia kitu.

"Kumesaidia," mama alisema. "Walioko msituni wako hai kwa sababu ulisema. Hilo ni lako, hakuna wa kukunyang'anya. Na mimi nina langu. Niliulizwa swali la mtoto wangu nikalijibu mwenyewe, kwa sababu nilitaka sifa. Na nyumbani nilikufunga mdomo mpaka ukaenda kuufungua kwa ndege. Langu nitalibeba, sikutwishi."

Alichota ngisi kwenye ndoo, akambana kwenye kibanio cha fimbo, akainama nyuma ya ubao wake. Kasa akazama kukifuata chakula. Alikuwa amepona, karibu aondoke.

"Lakini nisikudanganye, mwanangu," aliendelea. "Siku ile varandani kweli yako ingewatosha wote. Ingemtosha yule wa kisimani, na yule wa ulimbo, na yule wa mbwa, na Kipara na jicho lake. Ulipokuja kuisema, ilikuwa inawatosha waliobaki tu. Kweli haiozi, unaweza kukaa nayo utakavyo. Wanaoihitaji ndio hufa wakiingoja."

Chiriku aliuliza kasuku huishi miaka mingapi. Mama alimwambia kwamba akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka hamsini au zaidi, umri wa mtu mzima, na kwamba kuanzia siku ile chakula cha Kipara kitakuwa juu yake, mvua inyeshe, jua liwake, mtihani uwepo au usiwepo.

Akamkabidhi bakuli. Chiriku alilipokea kwa mikono miwili, akavaa mabuti yake, akaenda kulisha.